Skip na FAILED: kujaribu na kutia viraka kwenye perf ukiwa Mwanza

`perf` ni programu ya kupima utendaji wa kompyuta za Linux. Ukiendesha `perf test`, amri inayoijaribu `perf` yenyewe, kwenye kompyuta mpakato ya kawaida, majaribio yanarudi na majibu ya aina tatu: `Ok` (limepita), `Skip` (limerukwa) na `FAILED!` (limefeli). Kiraka kizuri, yaani badiliko la msimbo unalowatumia watunzaji wa programu, huanza pale unapoweza kueleza kwa nini jaribio limeandika `FAILED!` badala ya `Skip`. Ni kama mizani ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba: kabla ya kugombana na muuzaji juu ya kilo, unataka kujua kama mizani yenyewe iko sawa au imewekwa juu ya meza iliyoinama. `perf` ndiyo mizani ya kerneli (kiini) ya Linux, imo ndani ya msimbo wake tangu toleo la 2.6.31 la mwaka 2009, na watu wengi huiamini bila kuikagua.

Tuanze na bando, maana kwa wengi wetu hapo ndipo kazi inapokwama. `git clone`, amri inayopakua msimbo pamoja na historia yake, ikikatika katikati haiendelei ilipoishia; unaanza upya na data imeshaliwa. Kernel.org huweka historia nzima kwenye faili moja liitwalo `clone.bundle`, na hilo linapakuliwa kwa `wget -c`, ambayo huendelea ilipoishia mtandao ukirudi. Mmoja wenu alipakue usiku, kisha lizunguke kwa flashi kutoka Nyegezi hadi Igoma. Faili likizidi GB 4, flashi ya FAT32 italikataa. Ipangilie upya kwa exFAT. Kila mmoja atafanya `git clone clone.bundle linux`, ataelekeza `origin` kwenye anwani halisi, na atavuta mabadiliko machache yaliyobaki.

Njia ya `--depth=1`, inayopakua hali ya mwisho ya msimbo bila historia, inatosha kwa kujenga na kujaribu tu. Kwa kutia kiraka haitoshi. Historia ikiwa imekatwa, `git blame` itakuonyesha kwamba kila mstari uliandikwa na komiti (badiliko lililohifadhiwa) ileile moja, nawe utaandika `Fixes:`, mstari unaotaja komiti iliyoleta kasoro, ya uongo bila kujua. `git bisect`, inayosaka komiti iliyoleta kasoro, nayo haina pa kurudi nyuma.

Kwa Debian au Ubuntu, sakinisha `flex`, `bison`, `libelf-dev`, `libdw-dev`, `libtraceevent-dev` na `python3-dev`, kisha jenga kwa `make -C tools/perf O=/tmp/perf` (tengeneza folda hiyo kwanza). Soma orodha ya vipengele inayotokea mwanzoni. Maktaba isiyopatikana mara nyingi haisimamishi ujenzi. Kipengele kinazimwa kimyakimya, na baadaye jaribio linalokihitaji linarukwa. `perf version --build-options` itakuonyesha kilichomo na kisichomo. Matokeo yake yabandike kwenye kila ripoti unayotuma, ili msomaji asibahatishe.

Sasa majaribio yenyewe. `perf test list` hutoa namba na majina, na `perf test -vv` ikifuatiwa na namba huonyesha undani wa jaribio moja. Endesha mara mbili: bila `sudo`, halafu kwa `sudo`. Kerneli ya kawaida huweka `perf_event_paranoid`, kiwango cha kuwabana watumiaji wa kawaida, kuwa 2, lakini Ubuntu huiweka 4, na hapo mtumiaji wa kawaida hapati karibu chochote. Jaribio linalofeli bila `sudo` na kupita kwa `sudo` mara nyingi lina kasoro moja tu: halikuuliza ruhusa kabla ya kuanza. Hiyo ni kasoro halali ya kurekebisha.

Umeme nao una neno lake. Ukikatika, kompyuta inahamia kwenye betri, na mipangilio ya kuokoa nishati inaweza kushusha kasi ya prosesa katikati ya kipimo. Kwa hiyo usilinganishe sekunde za kabla na za baada ya kukatika. Napendelea kuhesabu maagizo ya prosesa, kwa mfano `perf stat -r 10 -e instructions:u perf test -w brstack`. Chagua mzigo (programu ndogo inayopimwa) kwa makini: `brstack` huzunguka idadi maalumu ya mizunguko, ilhali `noploop` huzunguka mpaka muda uishe, hivyo idadi ya maagizo yake hupanda na kushuka pamoja na kasi.

Ukitumia mashine pepe, kama zile za seva za kukodi, nyingi hazipati vihesabio vya prosesa. `perf stat` itaandika `<not supported>` kwenye `cycles` (mizunguko ya prosesa), na hapa ndipo `FAILED!` za uongo zinapozaliwa. Majaribio ya `tools/perf/tests/shell` ni skripti tu: 0 ni kupita, 2 ni kurukwa, namba nyingine ni kufeli. Jaribio lisilokagua kihesabio kabla ya kukitumia huishia kwenye 1. Tiba yake ni fupi, na huwekwa juu kabisa kabla ya kazi yoyote:

```
if perf stat -e cycles true 2>&1 | grep -q "not supported"
then
	exit 2
fi
```

Ufupi huo unadanganya. Skripti ikiwa na `set -e`, `grep` isiyopata kitu nje ya `if` huua jaribio zima kwa 1, nawe utadhani kerneli ndiyo mbovu. Kwenye Debian na Ubuntu `/bin/sh`, programu inayosoma skripti, ni dash, kwa hiyo `[[` ya bash haitaeleweka. Lugha ya mfumo inayotumia mkato badala ya nukta kwenye desimali huvuruga majaribio yanayosoma matokeo ya `perf stat -x,` (yaliyotenganishwa kwa mkato); jaribu tena kwa `LC_ALL=C`. Na skripti mpya isiyopewa `chmod +x` haionekani kabisa kwenye orodha.

Lakini usigeuze kila kufeli kuwa `Skip`. Ukiruka kwa sababu hukuelewa, umeficha kasoro halisi kwa kila atakayekuja. Kama kihesabio kipo na jibu ni baya, jenga upya kwa `DEBUG=1 EXTRA_CFLAGS="-fsanitize=address"` uone kama kumbukumbu inavuja au inasomwa baada ya kuachiwa. Kama toleo la zamani lilipita, `git bisect start -- tools/perf` hupunguza komiti za kukagua.

Kiraka kijengwe juu ya tawi la `perf-tools-next`, kipite `scripts/checkpatch.pl` (kikaguzi cha mtindo), na anwani za watunzaji uzipate kwa `scripts/get_maintainer.pl`. `Fixes:` inataka herufi 12 za mwanzo za utambulisho wa komiti, na `Signed-off-by` (saini yako) ni lazima. Maelezo yataje prosesa, toleo la kerneli, kama ni mashine pepe, na matokeo ya jaribio kabla na baada. Tuma kwa `git send-email`; programu nyingi za barua pepe hubadilisha tabo kuwa nafasi, na kiraka hakitashika. Ukiombwa marekebisho, toleo la pili linatengenezwa kwa `git format-patch -v2`, na ulichobadilisha kiandikwe chini ya mstari wa `---`, kisiingie kwenye historia ya kudumu.