Kwa nini Muafaka uliotiwa saini ulivunjika, na Maridhiano yasiyo na saini yakashika?

Je, wajua kwamba Zanzibar ilitiliana saini makubaliano ya amani ya kisiasa, yaliyoitwa Muafaka, mara mbili ndani ya miaka mitatu, na mara zote mbili uchaguzi uliofuata ukaja na virungu na mabomu ya machozi? Kisha tarehe 5 Novemba 2009 watu wawili wakakutana Ikulu ya Zanzibar, Rais Amani Abeid Karume wa CCM, chama tawala, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama kikuu cha upinzani visiwani wakati huo. Hapakuwa na msuluhishi kutoka ng'ambo wala meza ya kusainia mbele ya kamera. Walizungumza, wakapeana mikono, wakatoka. Hayo ndiyo yaliyoitwa Maridhiano. Haukupita mwaka, uchaguzi ukafanyika, mshindi akapatikana kwa tofauti ya kura zisizofika 3,500, na aliyeshindwa akasimama ukumbini Bwawani akayakubali matokeo mbele ya mshindani wake.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Wazanzibari ni watu wa adabu, ni ndugu, dini yao ni moja, kwa hiyo hatimaye damu ikawa nzito kuliko maji. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Udugu na adabu vilikuwepo siku zote, na watu waliumizana navyo vikiwepo.

Turudi nyuma kidogo. Uchaguzi wa Januari 1961 ulitoa viti 10 kwa chama cha Afro-Shirazi, 9 kwa Hizbu (ZNP) na 3 kwa chama kidogo cha ZPPP, na Jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Wawakilishi wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo, na fujo zilizofuata zikaua watu 68. Kuanzia uchaguzi wa kwanza wa 1957, majirani walikuwa wakisusiana maduka, mabasi, hata mazishi. Wazee wa Unguja na Pemba wanakiita kipindi kile zama za siasa, na hawakitaji kwa kukisifu. Baadaye yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, kisha miongo ya chama kimoja.

Vyama vingi viliporudi, mizani ilikuwa palepale. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi dhidi ya Maalim Seif kwa tofauti ya kura 1,565. CUF wakakataa matokeo. Pemba ikawa yao yote, Unguja karibu yote ikawa ya CCM, na kususiana kule kwa zamani kukafufuka: huyu hanunui kwa yule, yule hapandi gari ya huyu, msiba wa fulani watu hawaendi. Kuanzia mwaka 1997 wanachama 18 wa CUF walikamatwa kwa tuhuma za uhaini, wakakaa rumande hadi Novemba 2000.

Muafaka wa kwanza ulisainiwa Juni 1999, kwa juhudi za Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Madola, Emeka Anyaoku. Uchaguzi wa 2000 ukavurugika, majimbo 16 yakarudia kupiga kura, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 maandamano ya CUF yakakutana na risasi. Tume ya Brigedia Hashim Mbita, iliyoundwa baadaye kuchunguza mauaji hayo, ilihesabu vifo 31. Mashirika ya haki za binadamu yalitaja idadi kubwa zaidi. Zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, safari hii ilikuwa imewatoa yenyewe.

Muafaka wa pili ukasainiwa Oktoba 2001, na tusiubeze. Uliunda Tume ya Mbita, uliingiza wapinzani katika Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ulianzisha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na uliwezesha uchaguzi mdogo wa Pemba wa Mei 2003. Yote hayo yalikuwa mambo ya maana. Lakini ukiyatazama vizuri, utaona karibu yote yalihusu namna ya kupiga kura, na hakuna hata moja lililogusa kile kinachogombewa. Aliyepata asilimia 50 na ushei alichukua wizara zote, ukuu wa mikoa wote, ajira na neema zote. Aliyepata 49 alirudi nyumbani mikono mitupu na kusubiri miaka mitano. Katika visiwa ambako serikali ndiyo mwajiri mkubwa, huko si kushindwa uchaguzi tu, ni kufungiwa mlango wa riziki. Mtu wa namna hiyo humwambii "tuzungumze kwa heshima" akakuelewa.

Kwa hiyo 2005 hadithi ikajirudia. Karume akatangazwa mshindi kwa asilimia 53, Maalim akapewa 46, CUF wakasema hawamtambui. Kutotambua huko hakukuwa maneno ya jukwaani tu. Rais alipoingia Baraza la Wawakilishi kuhutubia, wawakilishi wa CUF walitoka nje. Rais Jakaya Kikwete, katika hotuba yake ya kwanza bungeni Desemba 2005, aliutaja waziwazi mpasuko wa Zanzibar na kuahidi kuushughulikia. Wajumbe wa vyama viwili wakazungumza tangu 2007. Mwezi Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Butiama na kusema suala la serikali ya pamoja liamuliwe kwanza kwa kura ya maoni. CUF wakaona wamezungushwa, mazungumzo yakafa.

Hapo ndipo Karume na Maalim walipoingia. Walibadilisha nini?

Kwanza, walianza na kutambuana. Siku mbili baada ya kukutana, Maalim alipanda jukwaani kwenye viwanja vya Kibandamaiti, mjini Unguja, kuwaambia wafuasi wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa Rais wa Zanzibar. Hebu fikiria umati ule. Kwa miaka minne kiongozi wao aliwaambia huyu si rais halali. Wamo waliopigwa, wamo waliofiwa. Sehemu ya umati ikapiga kelele za kukataa. Mtu aliyezoea kushangiliwa kila anapofungua mdomo alizomewa na watu wake mwenyewe. Hakuyarudisha maneno yake nyuma.

Naona pale Kibandamaiti ndipo mazungumzo yalipoanza hasa, kuliko kule Ikulu. Kumpa mkono mpinzani faraghani ni rahisi. Kazi ni kurudi kwa wenzako na kuwaambia usoni kwamba yule uliyewafundisha kumchukia ana hoja, ana watu nyuma yake, na haondoki.

Pili, Karume alikuwa anamaliza muhula wake wa mwisho. 2010 hakuwa na kura ya kuombea. Jambo hili watu hulitaja kwa sauti ndogo kana kwamba linampunguzia sifa. Halimpunguzii. Kiongozi asiye na uchaguzi mbele yake anaweza kusema mambo ambayo mgombea hawezi, na yeye aliutumia mwanya huo badala ya kuhesabu siku za kustaafu.

Tatu, kazi ya kulisogeza jambo lenyewe ilibebwa na kamati ya watu sita, watatu kila upande, chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo. Huyu alikuwa mmoja wa wazee wa Mapinduzi, waziri tangu serikali ya 1964. Upande wa CUF alikuwemo Abubakar Khamis Bakary, mwanasheria na kiongozi wa upinzani katika Baraza la Wawakilishi. Mzee wa namna ya Moyo akikaa kuzungumza na CUF, ni nani wa kusimama kwenye mkutano wa CCM akamwita msaliti wa Mapinduzi? (Walipatikana baadaye, tutafika huko.) Hoja ya serikali ya pamoja ilipelekwa Baraza la Wawakilishi Januari 2010 na Abubakar, yaani mpinzani, ikapita kwa kura za pande zote.

Na nne, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, wakaligusa lile kapu lenyewe la madaraka linalogombewa. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliwauliza Wazanzibari kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Mabadiliko ya kumi ya Katiba ya Zanzibar yakaweka kwamba chama kinachoshika nafasi ya pili kitatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na wizara zitagawanywa kwa kufuata idadi ya viti. Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo, Dk. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim 49.1. Tofauti ilikuwa ndogo kama ile ya 1995. Safari hii hakuna aliyekimbilia Shimoni, kwa sababu mwenye 49 hakuwa amepoteza kila kitu.

Wapo watakaosema hiyo ni kununuliana vyeo tu, heshima iko wapi? Swali hilo ni la haki, na katika ile theluthi ya wapiga kura waliosema hapana, huenda wengine walikuwa na wazo hilo. Jibu langu ni kuwaomba wapite kwenye baraza za mitaani, watu wanapokaa kuzungumza. Jaws Corner pale Mji Mkongwe, kwenye kahawa chungu na dhumna, kwa miaka mingi ilijulikana kuwa baraza la watu wa CUF. Kisonge pale Michenzani ilijulikana kwa maskani ya CCM na ubao wake wa vijembe, unaoandikwa kwa chaki na kusomwa na kila apitaye njia. Kote kuwili lugha ni tamu, mafumbo yamepangwa, mtu hatukanwi waziwazi. Ila walioko hapa hawakai kule. Mnaweza kuwa na adabu zote duniani, lakini kama asubuhi hadi jioni unazungumza na wa chama chako tu, adabu hiyo unamwonyesha nani? Serikali ya pamoja iliwaweka waziri wa CCM na wa CUF meza moja, wakipitisha bajeti moja. Walilazimika kusikilizana kwanza. Kuheshimiana kukaja kwa kuzoeana, na si wote waliofikia huko.

Sasa udhaifu wake. Maridhiano yalifanywa na wakubwa, na yaligawa matunda ya uchaguzi bila kumgusa sana mwamuzi wake. Waliobeba jambo hili ndani ya CCM walilipa: Mansoor Yussuf Himid, mjumbe wa kamati ile ya sita, alifukuzwa uanachama 2013, na Mzee Moyo mwenyewe 2015. Tarehe 28 Oktoba 2015, kura zikiwa bado zinatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote. CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, Dk. Shein akapata asilimia 91, na serikali ya umoja ikabaki kwenye karatasi ya Katiba.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi kutambuana kunavyoweza kuondoka haraka. Pemba, taarifa za watu kususiana maduka na usafiri zilirudi ndani ya wiki chache. Agosti 2016 alifariki Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar. Mazikoni, Dk. Shein alimnyooshea mkono Maalim Seif, na Maalim hakuupokea. Watu hawa wawili walikuwa Rais na Makamu wake wa Kwanza kwa miaka mitano. Rais Magufuli alilaumu kitendo hicho hadharani, na wengi waliona ni utovu wa adabu, tena msibani. Lakini kwa Maalim, kuupokea mkono ule mbele ya kadamnasi kungekuwa sawa na kusema uchaguzi wa Machi ulikuwa halali. Alijua vizuri kuliko yeyote uzito wa mkono huo, kwa sababu yeye ndiye aliyeutoa 2009.

Aliutoa tena. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2020, ambao chama chake kipya cha ACT-Wazalendo kiliukataa na kusema wanachama wake kadhaa wameuawa, Maalim alikubali Desemba kuapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Dk. Hussein Mwinyi. Baadhi ya watu wake walimlaumu, kama wale wa Kibandamaiti. Alifariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa bado madarakani.

Kiti chake hakikwenda CCM. Kwa utaratibu uleule wa 2010, ACT walimpendekeza Othman Masoud Othman, na Rais akamteua. Othman alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar hadi Oktoba 2014, alipoondolewa baada ya kupiga kura ya kuvipinga baadhi ya vifungu vya Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania kwenye Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma.