Kodi ya matumizi na pengo la mapato: dhana potofu na ukweli

Dhana: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani iliyomo kwenye bei ya bidhaa, ni ya haki, kwani nchini Kenya tajiri na maskini hutozwa asilimia 16 sawasawa.

Ukweli: Chukua mama anayekaanga mahamri Kongowea, Mombasa. Tuseme hubakiwa na shilingi 20,000 kwa mwezi, na sukari, mafuta ya kupikia na sabuni za nyumbani kwake zinamla 5,800. Humo, 800 ni kodi: asilimia 4 ya mapato yake. Tajiri wa mtaa wa Nyali mwenye 1,000,000 kwa mwezi akinunua vitu vyenye VAT vya 116,000, kodi ni 16,000, yaani asilimia 1.6. Zinazobaki anaweka akiba au ananunua kiwanja. Ndiyo maana pendekezo la 2024 la kutoza mkate VAT liliwauma watu mno, hadi likaondolewa.

Dhana: Basi kila kodi ya matumizi humkandamiza mnyonge.

Ukweli: Ipo isiyobandikwa kwenye bidhaa kabisa. Unachukua mapato ya mtu ya mwaka mzima, unatoa alichoweka akiba na alichowekeza. Kinachosalia ndicho alichotumia. Hicho hutozwa kwa viwango vinavyopanda: kiasi kinachotosha mahitaji ya lazima sifuri, kinachozidi hapo juu zaidi. Mchumi Nicholas Kaldor aliitetea mwaka 1955. Mama wa mahamri hatalipa hata senti.

Dhana: Kodi hii ikiletwa, pengo la tajiri na maskini litazibika.

Ukweli: Pengo la hali ya maisha, yaani la matumizi, litapungua. La mali, sina imani. Anayeweza kuweka akiba nusu ya mapato yake hatozwi nusu hiyo, nayo huzaa mwaka baada ya mwaka, kisha wanawe wanairithi. Kenya haina kodi ya urithi. Hapa ndipo watetezi wengi wanaruka haraka, na mimi siwezi kuiunga mkono kodi hii mpaka ije na ya urithi pamoja.

Dhana: Haitekelezeki.

Ukweli: Ni ngumu. India iliijaribu miaka ya 1950, ikaifuta 1962, ikairudisha 1964, ikaifuta tena 1966. Walipaji walikuwa wachache na mapato yake madogo. Lakini hapa hatuhitaji daftari la kila kibanda cha Marikiti. Tunahitaji salio la benki la wachache wenye mapato makubwa, la mwanzo na la mwisho wa mwaka, na hati za nyumba na viwanja walivyonunua katikati. Nyingi ya karatasi hizo zipo tayari.