Ukaguzi wa kabla ya kununua ndege iliyotumika ni nini?

Ni uchunguzi wa ndege unaofanywa kwa niaba ya mnunuzi, kwa gharama yake, kabla hajamaliza malipo. Matokeo yake humsaidia kuamua: anunue, aombe bei ipunguzwe, au aiache.

Wengi huuchanganya na ukaguzi wa mwaka. Muuzaji akisema ndege imetoka kwenye ukaguzi wa mwaka juzi tu, mnunuzi hutulia. Asitulie. Ukaguzi wa mwaka umewekwa na sheria na hujibu swali moja: je, siku ile ndege ilifaa kuruka? Ndege inaweza kufaulu leo, na miezi michache baadaye injini ikadai kufumuliwa, yaani kufunguliwa yote na kuundwa upya, bila fundi kuwa amekosea. Huu wa mnunuzi, kwa sheria za Marekani kwa mfano, hauna orodha rasmi. Hukaguliwa kile tu mlichokubaliana, ndiyo maana makubaliano yawe ya maandishi.

Fundi asiwe yule anayeitunza ndege hiyo. Hata akiwa mwaminifu, ni vigumu kuikagua kazi ya mikono yake mwenyewe kwa jicho jipya. Tafuta anayeijua aina hiyo ya ndege, maana kila aina ina udhaifu wake. Tarehe 26 Mei 2019, karibu na Mount Isa, Australia, ndege ndogo ya Cessna T210M, ya jamii ya Cessna 210, ilikatika bawa angani na watu wawili wakafa. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye kishimo cha kutu katika boriti inayobeba mabawa, mahali pasipoonekana mpaka kufunuliwe. Mwaka uliofuata mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la lazima la kukagua boriti hizo. Mnunuzi wa Cessna 210 inayoguswa na agizo hilo aone kwa macho yake kumbukumbu kwamba limetekelezwa.

Kazi ianze na makaratasi, kabla ya skrubu hata moja kufunguliwa. Vitabu vya kumbukumbu vikipotea, au miaka kadhaa ikiwa haina maandishi, hilo peke yake linatosha kuvunja biashara.

Kisha injini, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Chukua Cessna 172 yenye injini ya Lycoming. Tangazo linasema injini ina saa 900 tangu ifumuliwe, na kwa injini nyingi za aina hiyo kiwanda hupendekeza ifumuliwe kila baada ya saa 2,000. Inaonekana imebaki zaidi ya nusu. Lakini kiwanda hichohicho huweka pia kikomo cha miaka 12. Kama ilifumuliwa miaka 25 iliyopita, imeruka wastani wa saa 36 kwa mwaka. Muda mwingi imekaa tu. Kamshafti ya Lycoming, mhimili unaofungua vali, iko juu ya krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na injini ikilala oili huchuruzika chini na kuiacha wazi kwa kutu. Mimi ningeichagua yenye saa 1,500 inayoruka kila wiki. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda, aingize kamera nyembamba kuangalia vali, akate chujio la oili atafute vipande vya chuma.

Kwenye bodi, kutu ya alumini si nyekundu. Ni unga mweupe, au rangi iliyovimba kama malengelenge. Ndege iliyoegeshwa miaka mingi karibu na bahari, iwe Lamu, Zanzibar au Florida, ifunuliwe hata chini ya sakafu.

Yaliyobaki ni ya mkataba. Andikeni nani atalipia kurudishia mapaneli, yaani vifuniko vilivyofunguliwa, na arubuni itarudishwa kwa masharti gani. Msikubali ukaguzi huu ugeuzwe kuwa wa mwaka tangu mwanzo: hitilafu nzito ikionekana, ndege inaweza kukwama kwenye karakana huku mkibishana nani alipe. Anzeni na yale yanayoweza kuvunja biashara, na yakijitokeza, mwambie fundi asimamishe kazi hapohapo, umlipe saa alizofanya.