Elia, Elias au Elisha? Majina ya mtoto wa kiume yanapofanana masikioni

Juzi nimepigiwa simu na mama kijacho mmoja wa Igoma, mimba ina miezi minane, wameshaambiwa ni wa kiume, na kwenye listi yao yamebaki majina matatu tu: Elia, Elias na Elisha. Akaniambia "mwalimu, sisi hatutaki jina la kujionyesha, tunataka jina la kawaida lile la wazee wetu, sasa haya matatu kila tukiyataja tunachanganya wenyewe, mume wangu jana kasema Elia leo anasema Elisha na anaona amesema kitu kile kile." Mi nafundisha isimu hapa Mwanza na eneo langu ndo majina ya watu, na kiukweli hili swali napataga kuliko swali lolote. Watu wanaotaka majina ya makeke hawanipigii, wanajichagulia wenyewe. Wanaonipigia ni hawa wanaotaka Yona, Amosi, Isaka, Simoni, majina matulivu, na shida ya majina matulivu ni kwamba mengi ni mafupi na yanafanana sana.

Kila mtu anaanzaga na maana. Sawa, tuanze na maana. Elia, Eliya na Elias ni jina moja, halina mapacha wala nini, ni nabii yule yule. Kwa Kiebrania ni Eliyahu, yaani Mungu wangu ni Bwana. Wagiriki walipolichukua wakaliwekea s mwishoni kama walivyozoea kwenye majina ya kiume, likawa Elias, ndo maana hata Yona kwa upande huo akawa Jonas. Biblia ya Kiswahili ya Union ya mwaka 1952 ikaandika Eliya. Na kwa Waislamu ni Ilyasi, huyo huyo. Elisha ni mtu mwingine kabisa, ni yule mwanafunzi aliyerithi vazi la Eliya, na maana yake ni Mungu ni wokovu. Kwenye Kurani anaitwa Alyasa. Kwa hiyo kama unapima Elia na Elias kwa maana, acha, hakuna cha kupima hapo.

Halafu kuna kitu napenda sana kuwaonyesha wazazi. Chukua Eliya, lina vipande viwili, Eli (Mungu) na Ya (Bwana). Sasa vigeuze, cha nyuma kije mbele, unapata Yoeli. Yoeli ni Eliya lililogeuzwa, Bwana ni Mungu. Nikimwambia hivyo baba ambaye alikuwa anang'ang'ania Eliya na mkewe anataka kitu kinachoanza na Yo, mara nyingi wananyamaza kidogo wote wawili. Na Isaya, Elisha, Yoshua na Hosea, haya manne yote yamebeba mzizi mmoja wa wokovu, kwa hiyo nyumba yenye Isaya na Elisha watoto wana karibu maana moja ila hawafanani kabisa ukiwaita. Na Isaka ambalo watu wanalichanganya na Isaya ni anacheka. Simoni na Simeoni jina moja, kusikia. Yona ni njiwa.

Ila maana haimwiti mtoto. Mtoto anaitwa na midomo, na midomo ya hapa kwetu ni ya aina nyingi sana, hapa ndo nataka tukae kidogo.

Mwanza ni mji wa Wasukuma lakini mtaa mmoja wa Mabatini au Igoma unaweza kukuta Msukuma, Mkurya, Mjita, Mkerewe, Mluo, Mhaya, Mzinza. Kisukuma hakina r ya kwake, bibi yangu mpaka leo Rajabu kwake ni Lajabu na Rashidi ni Lashidi. Kikurya ni kinyume chake, l haina nyumba, kwa hiyo Elia inakuwa Eria na Danieli anakuwa Danieri. Kijaluo hakina sh wala z, Elisha kwa mzee wa Rorya anayeongea lugha yake anakuwa Elisa, Yoshua anakuwa Yosua. Sio kwamba hawajui, sikio la lugha ya kwanza linachagua sauti lililokua nazo, na hakuna ubaya wowote hapo. Sasa rudi kwenye listi ya yule mama. Yeye ni Msukuma, mume ni Mkurya wa Tarime. Majina yote matatu yana l. Upande wa mama yako salama, upande wa baba bibi ataita Eria, Erias, Erisha. Wanaotaka jina ambalo kila bibi wa kanda hii atalitamka vile vile nawaambiaga watafute lisilo na r, l, sh wala z: Yona, Amosi, Isaka, Daudi, Simoni, Tomasi, Musa. Soma hiyo listi tena kwa sauti, utaona kwa nini haya majina yamedumu kwenye vijiji vya ziwani bila kubadilika.

Kitu kingine ni mwisho wa jina. Mi nimekulia Kirumba, karibu na mwalo, na mama zetu walikuwa wanatuita kutoka juu kwenye mawe sisi tukiwa chini majini. Irabu inasafiri, s haisafiri. Ukiita Elias kwa mbali na upepo wa ziwa, ile s inafia njiani, mtoto anasikia Eliaaa, na Yonas anasikia Yonaaa. Kwa hiyo ukimpa mtoto jina Elias jua kabisa nyumbani na barazani ataitwa Elia, Elias itabaki ya shuleni na ya kwenye makaratasi. Kama wewe na mwenzio mnabishana Elia au Elias kwa ajili ya sauti tu, mnabishania kitu ambacho upepo utawaamulia.

Na kufupisha je? Elia ni Eli, Elias ni Eli, Elisha ni Eli. Yohana na Yona wote wanaishia Yo au Yona. Kama huyu ni mtoto wa pili na kaka yake ni Elia basi Elisha usiguse, nakuomba, nimeona nyumba ambayo ukiita Eli wanatokea wawili na mdogo ndo anayesubirishwa kila siku. Na kwa sababu mtoto wa kwanza anampa mama yake jina, jaribuni na hilo: Mama Elia, Mama Elisha, Mama Amosi. Huyo mama wa Igoma ni mimba yake ya kwanza, nikamwambia hili jina wewe ndo utalibeba sokoni, kanisani na kwenye kikundi kuliko hata mtoto mwenyewe kwa miaka yake ya mwanzo, kwa hiyo mwambie jirani akuite mara tatu usikie.

Halafu majina ya sisi Watanzania yanakwenda matatu, lake, la baba, la babu. Jina zuri likiwa peke yake linaweza kuharibika likikutana na la baba. Elia na baba Amosi, ukisema haraka ni Eliamosi. Elias na baba Sabuni ni Eliasabuni, s mbili zinagandana. Yona Yohana linamchosha mwalimu wa darasa. Kanuni yangu ni rahisi, kama jina la baba linaanza na irabu chukua la mtoto linaloishia na konsonanti, Elias Amosi linakaa vizuri, na kama la baba linaanza na konsonanti chukua linaloishia na irabu, Elia Magesa, Elisha Mabula. Mdomo unapata pa kupumzika.

Nimetaja Mabula, niseme kidogo. Wapo wanaosema kama tunataka la kitulivu na la zamani kwa nini tusichukue la kwetu, na mi nakubaliana nao moja kwa moja. Mabula ni wa mvua, ng'ambo kwa Waluo mtoto wa mvua ni Okoth, na kule Butiama mwaka 1922 alizaliwa mtoto siku ya mvua akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Ziwa moja, mvua moja, majina matatu ambayo hayafanani kabisa masikioni. Kulwa na Doto haziwezi kuchanganywa na mtu. Kwenye majina ya kwetu hii shida ya kufanana ni ndogo sana kuliko kwenye ya Biblia.

Kwa Waislamu kwa ufupi: Salim, Salum na Selemani yamekaa kwenye ukoo mmoja wa s-l-m, wa salama, na Huseni ni Hasani katika hali ya udogo, ndo maana mapacha wanapewa sana. Chagueni kwa sikio vile vile. Na familia mchanganyiko, Yunusi na Yona ni nabii mmoja, mmeshapata pa kukutania.

Sasa makaratasi, na hapa naomba mnisikilize kwa sababu limeniuma nyumbani kwetu. Kaka yangu kabatizwa Eliya, shuleni mwalimu mmoja akamwandika Elia, akafika sekondari fomu zikajazwa Elias, hakuna aliyemuuliza na sisi hatukujua kama ni kitu. Alipofika kuomba mkopo wa chuo, ambapo cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wale wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, majina yakawa watu watatu. Akahangaika na viapo kwa wakili, nauli, foleni, dirisha la maombi linakaribia kufungwa na yeye bado anathibitisha kwamba yeye ni yeye. Nilikuwa naye siku hizo na sijasahau uso wake. Herufi moja tu ile. Kwa Wakatoliki angalieni pia Yohane na Yohana, wao wanaandika Yohane, Waprotestanti Yohana, bibi wa huku na babu wa kule kila mmoja ataandika anavyojua.

Kwa hiyo amueni spelingi kabla ya uchungu kuanza. Iandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, ikae ndani ya kadi ya kliniki, na aliyetumwa kuandikisha asiseme jina kwa mdomo, atoe karatasi. Mtoto chini ya miaka 5 cheti ni bure, kipo kwenye ofisi ya kata na kwenye vituo vya afya, na sheria inataka uandikishe ndani ya siku 90. Ukipewa soma pale pale kabla hujatoka, herufi moja moja, hata kama foleni ni ndefu na watu wanakuangalia.

Yule mama kanipigia tena jana. Mkwe wake kaja kutoka Tarime kumsubiri mjukuu, wakamwomba ataje majina yote matatu, akayataja, Eria, Erias, Erisha. Anasema alipofika kwenye Eria alilisema kama mtu anayemwita mtoto aliyeko hapo tayari, na mume akacheka akasema basi. Nikamuuliza na hiyo r haitakusumbua? Akasema "mwalimu, bibi yake akimwita Eria na bibi wa kwetu akimwita Elia atajua yuko kwa nani." Sikuwa na la kupinga. Nikamuuliza tu kwenye karatasi wameandikaje. Wameandika ELIYA, yenye y, kama ya kwenye Biblia ya baba mkwe, na imeshawekwa kwenye kadi.