Tumbo la mwenye baridi yabisi halipigi kelele

Bibi mmoja wa Langoni, Lamu, alikuja kwangu ameshika tumbo upande wa kushoto, chini ya kitovu. "Ni riahi tu, mwanangu. Nishakunywa tangawizi." Homa hana. Nikalibonyeza tumbo: laini, akakunja uso kidogo tu. Angekuwa mtu mwingine, pengine ningempa dawa ya gesi akaenda zake.

Lakini bibi ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hushambulia maungio, na kwa miaka anameza prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga hiyo, kila asubuhi. Vidole vikimkaza huongeza diklofenaki, dawa ya maumivu anayojinunulia mwenyewe duka la dawa.

Kwamba diklofenaki huleta vidonda vya tumbo, wengi wanajua. Wasichojua ni kuwa huchubua hata matumbo ya chini, ambako omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, haifiki kumkinga mtu. Prednisoloni nayo huchelewesha kidonda kupona, kisha hufanya jambo linaloninyima usingizi: huficha dalili. Homa, maumivu makali, tumbo kukaza kama ubao, vyote hivyo ni mwili unajitetea, na dawa hii kazi yake ni kuutuliza mwili huo. Ndiyo maana vidole vinapata nafuu. Ndiyo maana pia utumbo unaweza kutoboka na mwenyewe yupo barazani anapiga soga.

Dawa mpya zaidi za baridi yabisi, kama tosilizumabu na tofasitinibu, nazo zina hatari hiyo, ingawa ni nadra. Aliyewahi kuugua vifuko vya utumbo mpana, yaani vijifuko vinavyotokeza ukutani mwa utumbo huo na kuweza kuvimba, amwambie daktari kabla ya kuanzishiwa. Tosilizumabu ina ujanja wake: huzuia interlukini-6, kemikali ya mwili ambayo ndiyo huliamuru ini kutengeneza CRP, protini inayopanda damuni mwili ukipata uvimbe au maambukizi. Basi kipimo cha CRP kinaweza kurudi kizuri kabisa huku tumboni kuna usaha. Karatasi hiyo isikutulize, hata wewe daktari mwenzangu.

Nilimwambia bibi diklofenaki aiache siku hiyo hiyo. Prednisoloni la, kwani mwili uliokwisha kuizoea ukiikosa ghafla mtu huweza kuzimia, hata kufa. Alasiri akapandishwa boti hadi Mokowe, ng'ambo bara, kisha gari, akapigwe picha ya CT. Njia nzima alikuwa akinipigia simu kunilaumu kwa kumsumbua na riahi zake.

Picha ikaonyesha kifuko kimetoboka, na pembeni yake usaha, fundo la ukubwa wa ndimu.