Menyu ya kushiriki ni nini, na unaipangaje?

"Nirushie hiyo picha." Mtu akikwambia hivyo, kidole kinakwenda chenyewe kwenye alama ya kushiriki. Kwenye simu nyingi za Android ni nukta tatu zilizounganishwa kwa mistari miwili. Kwenye iPhone ni kisanduku chenye mshale unaotazama juu. Ukiigusa, pazia linapanda kutoka chini ya kioo likiwa na majina ya watu na alama za programu. Pazia hilo ndilo menyu ya kushiriki. Neno "kushiriki" lenyewe, tuseme ukweli, halijakaa sawa: anayeshiriki harusi hamtumii mtu kitu. Lakini ndilo lililozoeleka kwenye simu za Kiswahili, basi twende nalo.

Wengi hudhani orodha ile ni mali ya programu waliyoifungua. Sivyo. Ukigusa alama hiyo ukiwa kwenye picha, programu ya picha huuliza mfumo wa simu: nina picha hapa, nani anaipokea? Kila programu iliyojiandikisha kwamba inapokea picha hujitokeza. Ndiyo maana ukishiriki kiungo cha habari unaona orodha tofauti na ya video, na ndiyo maana programu uliyoiweka jana usiku leo tayari imejipenyeza humo bila hodi. Android ilikuwa na utaratibu huu tangu toleo la kwanza, mwaka 2008. iPhone ilizifungulia programu za nje mlango huo mwaka 2014, kwenye iOS 8, toleo la mfumo wake la wakati huo.

Safu ya watu ni jambo jingine kabisa. Hiyo simu inabahatisha, kwa kuangalia uliowatumia vitu siku za karibuni, na inajipanga upya kila mara. Mwaka jana nilipiga picha ya upele mguuni ili nimtumie dada yangu, ambaye ni muuguzi. Pazia likapanda, nikagusa duara la kwanza kwa mazoea. Jana yake lilikuwa la dada. Siku hiyo lilikuwa la kundi la kamati ya harusi. Mhazini alijibu kabla sijawahi kufuta: "Pole sana. Na mchango wako?"

Sasa, kuipanga. Kwenye Android, bonyeza alama ya programu ndani ya menyu bila kuachia. Kwenye simu nyingi hutokea kijisanduku chenye neno la kubandika. Likubali, na programu hiyo itahamia mwanzoni na kukaa hapo. Ukiichoka, unaibandua kwa njia ileile. Kumbuka tu kwamba kubandika programu hakugusi safu ya watu, kwa sababu majina yale huletwa na programu za ujumbe zenyewe.

Kwenye iPhone, telezesha safu ya programu hadi mwisho, gusa nukta tatu, kisha kitufe cha kuhariri kilicho juu. Alama ya kijani ya kujumlisha huingiza programu kwenye vipendwa, na vile vimistari vitatu pembeni ni vya kuishika na kuiburuta juu au chini. Orodha ya chini, yenye kunakili, kuhifadhi na kuchapisha, ina kitufe chake cha kuhariri mwishoni kabisa, mahali ambapo watu wengi hawajawahi kufika.

Usishangae mpangilio wako ukipotea ndani ya programu fulani. YouTube, kwa mfano, huchora menyu yake yenyewe. Humo tafuta kitufe cha "zaidi" mwishoni mwa safu. Hicho ndicho kinachoita menyu halisi ya simu, ile uliyoipanga.

Kuhusu wale watu wa juu, iPhone inakuruhusu kubonyeza jina bila kuachia na kuomba lisipendekezwe sana, au kuizima safu nzima kwenye mipangilio ya Siri, yule msaidizi wa sauti wa iPhone. Mimi nimeizima. Picha za dada sasa zinapita njia ndefu: nafungua programu, naandika jina lake, nalisoma mara mbili, ndipo natuma.