Kutoa loo kuweka hai gari ikiwa inatembea: inawezekana, ila angalia unaelekea upande gani

Hili swali naulizwa sana na watu wenye foo wili (gari zinazoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne), hasa wanaovuta trela: hivi naweza kutoka loo (gia za nguvu za mwendo wa taratibu) kwenda hai (za mwendo wa kawaida) bila kusimama? Jibu wanalopewa na wengi ni "usithubutu, utaua giaboksi", basi mtu anaiogopa ile leva ndogo hadi inashika kutu. Mi kazi yangu ni kufungua hizi transfa (kasha la gia ambalo leva hiyo inalibadilisha loo na hai), na jibu langu ni kwamba inategemea unatoka wapi unaenda wapi, maana kutoka loo kwenda hai na kutoka hai kwenda loo ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama leva ni ileile.

Transfa inakaa nyuma ya giaboksi, inapokea mzunguko na kuupeleka kwenye propela (zile shafti ndefu chini ya gari) za mbele na nyuma. Ukiwa hai, kwenye gari nyingi shafti inayoingia na inayotoka zinakwenda sawasawa. Ukiwa loo, inayoingia lazima izunguke mara kadhaa ndo inayotoka izunguke mara moja. Suzuki Jimny mpya ni mara 2 hivi, Toyota Hilux za sasa mara 2.57, Jeep Wrangler ya kawaida mara 2.72, na ile Rubicon mara 4. Sasa pale giaboksi kuu ukibadilisha gia kuna sinkro, zile ringi zinazosugua kwanza hadi spidi zilingane, ndo meno yaingie. Kwenye transfa nyingi sinkro ya loo na hai haipo. Kuna kola (ringi) yenye meno inasukumwa na foki (uma wa chuma), na kama spidi hazijalingana unasikia krrrrr, hiyo ni ncha za meno zinalika na vumbi la chuma linaenda kwenye oili.

Tupige hesabu kidogo maana bila namba watu hawaamini. Chukua gari yenye difu ya 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 ndo gurudumu lizunguke mara moja) na tairi ambayo ikizunguka mara moja inasogea mita 2.4. Ikitembea 35 km/h, propela inazunguka kama mara 1,000 kwa dakika. Ukiwa hai, shafti inayotoka giaboksi kuja transfa nayo iko 1,000. Ukitaka loo ya 2.5 kwa spidi hiyohiyo, ile shafti inatakiwa iruke hadi 2,500, na hakuna kitu cha kuipandisha zaidi ya wewe na injini yako, au yale meno maskini. Na sijaongelea giaboksi kuu bado: ukiwa gia ya pili ya kama 2.2 (injini inazunguka mara 2.2 ndo shafti inayotoka giaboksi izunguke mara moja), injini inatakiwa iwe 5,500, dizeli nyingi hazifiki huko kwa hiari yake.

Kuna kitu watu wengi hawakijui hapa. Wanafikiri ukikanyaga klachi uko salama kwasababu injini imeachana na magurudumu. Injini ndio imeachana, lakini kisahani cha klachi hakijaachana na giaboksi, kimekaa kwenye shafti yake na kinazungushwa na magurudumu kutokea nyuma. Gari iko loo, gia namba moja ya 4, unateremka mlima na klachi imekanyagwa, ukifika hiyo 35 km/h kisahani kinazunguka mara 10,000 kwa dakika. Vile vipande vya msuguano vinang'oka na kutawanyika, na ukifungua kengele ya klachi (kasha linaloifunika) unakuta unga na vipande tu, dereva anakwambia "lakini mimi nilikuwa nimekanyaga klachi fundi". Ndiyo, na ndicho kilichoiua.

Kwahiyo hai kwenda loo gari ikitembea, msimamo wangu ni huu: spidi ya kutambaa tu au usifanye. Wenye mikono ya zamani wanafanya dabo klachi, na kwa 10 km/h inaingia vizuri sana ukiwa gia ya nne (ya 1, injini na shafti zinakwenda sawa), kwasababu ukipiga hesabu ileile injini inatakiwa iwe kama 700 tu, yaani sailensa ya kawaida, injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta. Yaani wanatoa hai, wanaachia klachi transfa ikiwa nyutro, injini inazungusha ile shafti, wanakanyaga tena, wanasukuma loo. Ila ukweli ni kwamba ukiwa unaenda 10 km/h kusimama kunakuchukua sekunde mbili, sasa haraka ya nini. Weka loo kabla ya kuingia kwenye tope au mteremko, sio katikati.

Loo kwenda hai ndo habari nyingine, na hii naikubali kabisa kwa gari za leva na giaboksi ya mkono. Umevuta trela zito, umeanzia loo ili usichome klachi, umefika gia ya nne na sasa injini inapiga kelele. Hapa shafti inatakiwa ipungue, na kupungua ni rahisi kuliko kupanda maana oili yenyewe inaivuta chini. Ukiwa sehemu tambarare, kanyaga klachi na uiache chini, giaboksi kuu weka nyutro ili transfa isibebe uzito wa kisahani na gia zote za mbele, halafu vuta leva ndogo kutoka loo hadi nyutro na utulie kidogo. Usiikandamize. Iegemeze upande wa hai kwa vidole viwili, utaisikia inatetemeka kidogo kisha inadumbukia yenyewe. Baada ya hapo ingiza gia ya pili au ya tatu na uachie klachi. Ya pili inapendeza kwasababu loo gia ya nne ni 2.5 na hai gia ya pili ni 2.2, injini haitashtuka sana. Kama inakwaruza, acha, simama, anza upya.

Usijaribu hii kwenye mteremko lakini, tafadhali. Transfa ikiwa nyutro gari haina injini breki (injini kuizuia gari isikimbie) hata kidogo, na ya otomatiki hata ukiweka P haishiki, inabiringika tu kama mkokoteni.

Sasa kuna jambo linawachanganya watu: kusimama kabisa nako kuna shida zake. Gari ikisimama meno yanaweza kukutana ncha kwa ncha, na hapo leva haiendi hata uning'inie. Ndo maana Jeep kwa Wrangler wanashauri uingize loo gari ikibiringika taratibu, 3 hadi 5 km/h, giaboksi ikiwa nyutro, wakati Toyota nyingi wanataka usimame kabisa. Wote wako sahihi kwa mashine zao, soma kitabu cha gari yako wewe. Na wapo waliotengeneza transfa yenye sinkro ndani, Mercedes G-Class ni mfano mzuri, hizo zinabadilika zikitembea bila sarakasi zozote mradi usivuke spidi waliyoandika.

Kwa otomatiki sharti ni N, yaani nyutro. Ukiwa kwenye D injini inasukuma muda wote, meno yamebanwa, hayatoki. Za kubonyeza swichi zinakulinda zenyewe, kompyuta ikiona spidi imezidi au hauko N inakataa na taa inabaki inapepesa. Taa ikipepesa hata umetimiza yote, legeza breki gari isogee kidogo, kama ni ncha kwa ncha itaingia. Usianze kubonyezabonyeza swichi kama rimoti, unaichosha mota bure.

Na kama leva imegoma kutoka kabisa baada ya kutembea na foo wili kwenye lami, hilo sio suala la spidi, ni propela mbili zimejikaza kwasababu ukikata kona magurudumu ya mbele na nyuma hayaendi umbali sawa na hakuna difu katikati ya kuachia. Rudi rivasi mita chache usukani ukiwa umenyooka, weka nyutro, kisha vuta tena, itatoka bila hata kutumia nguvu.